Nani aliwaambia PDF haichezewi?

Nimepotea kidogo, najua. Rafiki yangu mmoja wa Dar kanitumia ujumbe akiuliza kama nimemezwa na ukungu wa Rungwe. Sijamezwa. Kwa siku nne nilijifungia kwenye chumba changu cha kupanga hapa Tukuyu, mvua inapiga bati kama ilivyo desturi yake, nikipigana na faili moja la PDF lenye kurasa 19. Lilikaribia kunishinda. Kibaya zaidi, lilikaribia kunifanya nimwite mwizi mtu ambaye hajaiba hata senti tano. Kwa hiyo leo nina hasira, na sitaificha.

Mambo yalianza hivi. Wakulima wa kahawa wa chama kimoja cha msingi (sitakitaja, na huku Rungwe viko vingi, kwa hiyo msianze kubahatisha) walikuwa wananung'unika kuhusu makato. Mkulima wa ushirika hulipwa kwa awamu. Anapeleka kahawa, anapata malipo ya awali, kahawa ikishauzwa anapata malipo ya pili. Hapo katikati hukatwa mkopo wa mbolea na dawa kama alikopa. Baadhi walidai wamekatwa zaidi ya walichokopa. Nikaenda ofisini kwao, nikajitambulisha, nikaomba orodha ya malipo ya msimu. Niseme ukweli, sikuzungushwa. Katibu wao, dada mmoja mchangamfu, alinipa orodha yote siku hiyo hiyo. Akanitumia kwa WhatsApp. PDF.

"Nakutumia ya PDF, kaka mwandishi," alisema, "maana hiyo haichezewi."

Ikumbukeni hiyo sentensi. Tutairudia.

Wanachama walikuwa zaidi ya 700. Kuwajumlisha kwa kalamu na kikokotoo ni kazi ya wiki nzima, na mhariri wangu haniachii wiki nzima kwa habari ya kahawa. Nikafanya ninachofanya siku hizi: nikafungua Java.

Najua kuna wanaocheka. Mwandishi wa habari na Java, wapi na wapi? Lakini lugha yenyewe ni ya kahawa, jamani. Mwaka 1995 kampuni ya Sun Microsystems ilipoitoa rasmi, ilikuwa imeshaliacha jina la kwanza, Oak, lililotokana na mti uliokuwa nje ya ofisi ya James Gosling, ikachukua jina la kahawa ya kisiwa cha Java. Hata leo, miaka mingi baada ya Oracle kuinunua Sun mwaka 2010, kila programu ya Java iliyokwisha kutafsiriwa kwa ajili ya mashine huanza na baiti nne ambazo ukiziandika kwa heksadesimali zinasomeka CAFEBABE. Mtu wa Rungwe, anayelala na kuamka kwenye mibuni, ana haki zaidi ya kuitumia kuliko mtu wa California. (Ingawa ukweli ni kwamba huku kwetu tunalima kahawa halafu tunakunywa chai. Hayo ni ya siku nyingine.)

Ndani ya Java kuna maktaba, za programu si za vitabu, zinazoshughulikia PDF. Ninayoitumia inaitwa PDFBox. Aliianzisha Ben Litchfield mwaka 2002, sasa inatunzwa na Apache Software Foundation, na ni programu huria. Unaichukua bure, unaitumia utakavyo, hata ukiiuza ndani ya kazi yako hakuna wa kukudai, alimradi umebakiza tangazo la leseni. Na msidhani ni mchezo wa watoto. Mwaka 2016 waandishi wa mtandao wa ICIJ walipochambua Panama Papers walikuwa na nyaraka milioni 11.5, na zaidi ya milioni mbili kati ya hizo zilikuwa PDF. Walizipitisha kwenye programu iitwayo Apache Tika, na Tika ikikutana na PDF humwachia kazi PDFBox. Mawaziri wakuu wakaanguka. Kwa wale wasiotaka kuandika programu kabisa kuna Tabula, iliyotengenezwa na watu wa vyumba vya habari wenyewe kwa ajili ya kutoa majedwali kwenye PDF. Nayo inaendeshwa na Java, nayo ndani yake kuna PDFBox.

Basi nikaandika programu yangu fupi. Fungua faili, ita PDFTextStripper, toa maandishi, gawa kila mstari penye nafasi, weka namba kwenye safu zake: kilo, malipo ya awali, makato, malipo ya pili. Mistari kama thelathini hivi. Nikaiendesha. Sekunde mbili, kazi imekwisha. Nikajiona bingwa.

Halafu nikaona kitu kilichonifanya nisimame. Wanachama 61 walikuwa wamekatwa pesa yote ya malipo ya pili. Yote! Mtu makato laki nne na ushee, malipo ya pili sifuri. Mwingine makato laki sita, malipo ya pili sifuri. Sitini na mmoja! Moyo ukaanza kwenda mbio. Nilishaona ukurasa wa mbele. Nilishaona jina langu. Nilianza hata kuandika aya ya kwanza, na ndani ya hiyo aya kulikuwa na neno "katibu" na neno "kutafuna" yakiwa yamekaa karibu karibu sana.

Kilichoniokoa si akili. Ni mhariri, ambaye ana ugonjwa wa kuuliza: "Umeongea na wangapi kati ya hao?" Nilikuwa sijaongea na hata mmoja. Asubuhi nikapanda bodaboda kwenye tope lile mnalolijua nyie mliozaliwa huku, nikamfuata mzee mmoja ambaye jina lake lilikuwa kwenye ukurasa wa tatu.

"Ugonile, tata."

Tukasalimiana, tukakaa, nikaletewa chai. Nikamuuliza kwa upole wote nilionao kama ni kweli alikatwa malipo yake yote ya pili.

"Nimekatwa nini?" akashangaa. "Mimi sijakopa mbolea, mwanangu. Kwangu nina ng'ombe. Pesa nimepokea yote, na hayo hapo unayaona." Akanyoosha kidole juu. Mabati mapya, yanameta kama kioo.

Nilirudi Tukuyu nimenywea. Nikafungua ule ukurasa wa tatu kwa macho yangu mwenyewe badala ya macho ya programu. Kwenye mstari wa mzee, safu ya makato ilikuwa tupu. Hakukopa, kwa hiyo hawakuandika kitu. Hata sifuri hawakuandika. Na hapo ndipo programu yangu ilipoanguka, ikaanguka na mimi.

Ngoja nieleze, kwa sababu hapa ndipo ugomvi wangu ulipo. Kwa kawaida PDF haina jedwali. Unaliona jedwali kwenye kioo, lakini ndani ya faili hakuna. Kilichomo ni maagizo ya kuchora: chukua fonti hii, nenda umbali huu kutoka kushoto na umbali huu kutoka chini, andika "412,500". Sasa nenda pale, chora mstari. Sasa nenda kule, andika jina. Ukurasa wa A4 una takriban nukta 595 kwa upana na 842 kwa urefu, nukta 72 kila inchi, na kila herufi imepigiliwa mahali pake kama msumari. Neno lenyewe wakati mwingine halipo kama neno, ni herufi zilizokaa jirani tu. Hata ile mistari ya jedwali ni michoro, haijui kilichomo katikati yake. Na seli tupu? Haipo kabisa. Hakuna agizo linalosema "hapa usiandike kitu". Kwa hiyo programu iliyokuwa inahesabu namba ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, ilipofika kwa mzee ilikuta namba tatu tu. Ikachukua malipo yake ya pili, ikayaweka kwenye makato, na kule mwisho ikajaza sifuri. Mara sitini na moja. Wale 61 ndio pekee ambao HAWAKUKOPA. Nilitaka kuandika kwamba wameibiwa watu ambao kwa kweli ndio walioondoka na pesa kamili.

PDF haikutengenezwa kwa ajili hii, na siilaumu. Mwaka 1991 John Warnock, mmoja wa waanzilishi wa Adobe, aliandika pendekezo la mradi alioupa jina Camelot. Alitaka waraka uonekane vilevile kwenye kompyuta yoyote na utoke vilevile kwenye printa yoyote. PDF ikatoka mwaka 1993, na mwaka 2008 ikawa kiwango cha kimataifa cha ISO. Alichotaka Warnock alikipata. Ni karatasi nzuri kuliko karatasi zote. Lakini ni karatasi! Ukitaka kujumlisha namba zilizoandikwa kwenye karatasi, lazima mtu azisome upya.

Nikaandika programu upya, usiku wa pili na wa tatu, umeme ukikatika na kurudi. Safari hii sikuhesabu namba, nilipima mahali. PDFBox inakuruhusu kupata kila herufi pamoja na TextPosition yake, yaani kujua imekaa nukta ngapi kutoka kushoto. Nikapima safu ya makato inaanzia wapi na inaishia wapi kwenye ukurasa, nikaiambia programu: namba iliyokaa humu ni makato, isiyokaa humu si makato, na kama humu hamna kitu acha patupu. Wale 61 wakapotea wote. Wakabaki watu tisa. Hao tisa walikuwa wamekatwa zaidi, kweli, na karibu wote ni walewale waliokuwa wananung'unika.

Nikarudi kwa katibu na majina tisa. Hakubisha. Alifungua kompyuta yake, akafungua Excel, akachuja safu moja, akanyamaza kidogo. "Mbolea imeingizwa mara mbili," akasema. "Tarehe tofauti, stakabadhi ileile." Ilimchukua dakika tano. Akapiga simu kwa mwenyekiti nikiwa nimekaa palepale, na wiki iliyofuata wale tisa walirudishiwa pesa zao.

Dakika tano! Mimi nilitumia siku nne na nusura nimpake kinyesi mwanamke asiye na hatia, na muda wote huo Excel ilikuwa pale mezani kwake. Nikamuuliza kwa nini hakunipa ile. Akanitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini anafunga mlango usiku. "Kaka, Excel si mtu anaweza kubadilisha? PDF haichezewi."

Basi nikamwomba ruhusa nimwonyeshe kitu. Nikachukua nakala ya PDF aliyonipa, nikaandika programu ndogo mbele ya macho yake. Fungua ukurasa wa saba. Chora mstatili mweupe juu ya jina moja na namba zake. Andika juu yake jina langu, kilo 9,000, na malipo ya kunitosha kununua gari. Hifadhi. Hazikufika mistari ishirini. Nikamfungulia faili jipya kwenye simu yake, nikamwambia nitafute.

Alinitafuta. Alinipata. Akaondoa macho kwenye simu, akaniangalia mimi, akarudisha macho kwenye simu. "Mungu wangu," akasema.

(Tulilifuta faili lile palepale. Na wewe usijaribu kwa nyaraka za watu: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ina kosa la kughushi data za kompyuta, na "nilikuwa nafanya majaribio" si utetezi.)

Sasa nauliza, nani alieneza huu uongo? Maana si katibu peke yake. Nimeusikia kwa walimu, kwa maofisa, kwa mawakili, kwa vijana wenzangu wenye shahada za kompyuta. "Weka kwenye PDF, itakuwa salama." Salama kwa nini? Kila wiki tunaona kwenye WhatsApp barua ya "Taarifa kwa Umma" yenye nembo ya taifa, sahihi na muhuri, na kesho yake taasisi husika inaitoa tena ikiwa imegongwa neno FAKE kwa wino mwekundu. Hizo barua mnadhani zinatengenezwa na majini?

Na upande wa pili wa uongo ni mbaya vilevile. Wapo wanaoamini kwamba ukifunika kitu kwenye PDF kimefichika. Ule mstatili wangu mweupe haukufuta chochote, jina la mwenyewe lilibaki chini yake. Ukiburuta kipanya juu yake na kunakili, linatoka. Mwaka 2019 mawakili wa Paul Manafort, aliyekuwa meneja wa kampeni ya Trump, waliwasilisha mahakamani waraka wenye sehemu zilizofunikwa kwa weusi. Waandishi wakanakili, wakabandika, siri zikawa hadharani siku ileile. Mawakili wa Marekani hao, wanaolipwa kwa saa! Sasa fikiria ofisi yetu moja inayofunika namba za simu za wagonjwa kwa mstatili na kujisikia imemaliza.

Kama kweli hofu ni kuchezewa, dawa ipo na ina umri mkubwa. Inaitwa saini ya kielektroniki. Faili linatiwa saini kwa ufunguo wa siri wa ofisi, na mtu akibadilisha hata herufi moja ya kilichosainiwa, saini inakataa. PDFBox hiyo hiyo inaweza kuweka saini na kusaidia kuikagua. Sheria yetu ya Miamala ya Kielektroniki, Na. 13 ya mwaka 2015, inazitambua saini hizo. Kwa hiyo si suala la teknolojia ya Wazungu isiyotufikia. Tumeona ni rahisi zaidi kuchapisha, kugonga muhuri, kuskani na kusema haichezewi.

Hapo kwenye kuskani ndipo ninapotaka kulia. Maana faili la katibu lilikuwa faili ZURI. Lilitoka moja kwa moja kwenye Excel, herufi zake ni herufi. Kuna lile la pili, mnalijua: namba zinazaliwa ndani ya mfumo wa kompyuta, zinachapishwa kwenye karatasi, zinagongwa muhuri, karatasi inaskaniwa ikiwa imelala upande, halafu inapandishwa mtandaoni. Hiyo si hata karatasi, ni picha ya karatasi. PDFTextStripper ukiipa hiyo inakurudishia ukimya. Inabidi umwite Tesseract, programu ya kusoma maandishi kwenye picha, iliyoanzia kampuni ya HP na kufanywa huria mwaka 2005. Inaijua hata lugha yetu ya Kiswahili, na kutoka kwenye Java unaifikia kwa Tess4J. Lakini mpe ukurasa uliolala, wenye muhuri wa bluu juu ya namba, halafu tazama: sifuri inakuwa herufi O, 1 inakuwa l, na Mpuguso inakuwa kijiji ambacho Mungu hakukiumba.

Tangu mwaka 2017 halmashauri nchini zinaandaa mipango na bajeti zake kwenye mfumo wa PlanRep wa mtandaoni. Maana yake kila shilingi ya zahanati na kila shilingi ya choo cha shule inazaliwa ikiwa imekaa vizuri kwenye hifadhidata, na safu yake na jina lake. Kompyuta inaijua. Serikali inaijua. Anayetaka kuijua kwa upande wa raia ndiye anapewa picha. Kijana anatafuta jina lake kwenye orodha ya walioitwa kwenye usaili, PDF ya kurasa mamia, anaipakua kwa bando la mia tano, anaandika jina lake kwenye kisanduku cha kutafuta. Kama ni maandishi, linakuja. Kama ni picha, anateremka kwa kidole ukurasa baada ya ukurasa, na akiruka mstari mmoja kakosa kazi. Ndiyo, kukosa kazi! Kwa sababu ya mashine ya kuskani.

Na usiniambie haiwezekani. Baraza la Mitihani huweka matokeo kama kurasa za kawaida za wavuti, kila shule na ukurasa wake. Januari 2023 lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne bila ile orodha ya shule kumi bora, mtu yeyote mwenye programu ndogo angeweza kujitengenezea orodha yake, na sijasikia kwamba nchi imepinduka. Data ikiwa wazi, ugomvi unakuwa juu ya maana ya namba. Tukipewa PDF tunagombana juu ya namba zenyewe ni zipi.

Tanzania ilijiunga na Mpango wa Uendeshaji wa Serikali kwa Uwazi mwaka 2011, mwaka 2017 ikajitoa. Sawa. Lakini Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 ipo, na inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Tunaitumia mara ngapi, wenzangu wa kalamu? Hapa nageukia kwetu, maana hasira yangu haina mpaka mmoja. Ripoti ya CAG ikiwasilishwa bungeni mwezi Aprili, wote tunakimbilia hotuba. "CAG abaini", "CAG aibua". Aya nne, kwisha. Na ripoti zile kwa haki yake ni PDF za maandishi, zinasomeka na Tabula bila shida, majedwali ya halmashauri zote mle ndani. Nani anayafungua? Tunasubiri mwanasiasa atusomee halafu tuandike "alisema". Chuoni tulifundishwa kuhoji vyanzo. Jedwali nalo ni chanzo, lihojini.

Na nyie mafundi wa Bongo, msijifiche. Kuna mifumo ya shule na hospitali mnayouza ambayo inatoa risiti na ripoti za PDF kwa kutumia iText. Mmesoma leseni? Tangu toleo la 5, mwishoni mwa 2009, iText iko chini ya AGPL: ama utoe programu yako yote wazi, ama ununue leseni ya biashara. Nimewauliza watatu, wote wakacheka. Mkitaka bure kweli kuna PDFBox, na kuna OpenPDF iliyotokana na iText 4 ya zamani. Halafu mkishatengeneza kitufe cha "Toa PDF", hebu wekeni na cha pili pembeni yake, "Toa CSV". Ni mistari kumi. Mteja hatawaomba kwa sababu hajui kipo. Nyie mnajua.

Wapo watakaosema, mbona unahangaika na Java, kuna Python, ni nyepesi. Ni nyepesi, sikatai. Hata ungeandika kwa lugha ya malaika, seli tupu ingebaki haipo.

Kuna hoja moja ninayoiheshimu. Wakili mmoja rafiki yangu aliniambia waraka wenye muhuri ni ushahidi, Excel si ushahidi. Mimi sijasema PDF ifutwe. Itoeni, isainiwe vizuri, ikae pale kwa ajili ya mahakama. Pembeni yake wekeni na data yenyewe. Mtu akileta namba zilizochezewa, fungueni ile iliyosainiwa mkamuumbue. Sasa hivi mnatupa kitu ambacho si salama na hakisomeki, halafu mnakiita vyote viwili.

Yule katibu, kwa taarifa yenu, amebadilika. Safari hii orodha ya malipo ilibandikwa ukutani kwa ajili ya wazee, na Excel ikatumwa kwenye kundi la wanachama. Kwenye safu ya makato, kwa asiyekopa, ameandika sifuri. Nilipoiona ile sifuri nilimpigia simu kumwambia ndaga fijo. Hakunielewa vizuri nashukuru nini, na sikumwambia kuhusu ile aya ya kwanza niliyoifuta.

Jumatatu nina miadi na ofisi nyingine. Nimewaandikia barua ya karatasi, nimeitaja sheria ya 2016, na nimepiga mstari chini ya maneno "Excel au CSV". Siku 30 zinaanza kuhesabiwa. Kwa sasa umeme upo, ngoja nichaji laptopu kabla hawajaukata.